Siku 28 za kusoma sukari ya Mama



Tangu Mama yetu aonekane kanisani na ile duara nyeupe nyuma ya mkono, maswali hayaishi. Wengine walidhani ni chanjo mpya. Wengine walisema ni kijiti cha uzazi wa mpango, tukacheka wote, kwa sababu Mama ana wajukuu 11. Wengine walituvuta pembeni wakauliza polepole kama kitu hicho kinaponyesha ugonjwa wa sukari, na wapi mtu anaweza kukipata. Tumeona heri tuwajibu wote pamoja katika gazeti letu la juma hili.

Tunaposema "sisi", ni sisi mabinti watatu wa mama mmoja. Wawili tunakaa naye hapa Bukavu, na mmoja anaishi Kanada. Mama ameturuhusu kuandika. Alisema tu: "Andikeni ukweli, ila jina langu mliache."

Jibu la kwanza ni fupi: kitu hicho hakiponyeshi, kinaonyesha. Lakini katika nyumba yetu, kuonyesha peke yake kulitosha kuzuia mtu asifukuzwe bure. Ndiyo maana tunaandika.

Chombo chenyewe kinaitwa FreeStyle Libre. Kilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2014. Ukubwa wake ni kama sarafu kubwa. Upande unaogusa ngozi una uzi mwembamba sana, urefu wake milimita 5 hivi, unaoingia chini ya ngozi kwa mara moja, na maumivu yake ni kidogo kuliko sindano. Uzi huo hauingii katika mshipa wa damu. Unapima sukari iliyo katika maji yanayozunguka chembe za mwili, na maji hayo hupata sukari yake kutoka kwenye damu. Kwa hiyo namba yake hufuata damu kwa nyuma kidogo, kama dakika 5 hadi 10. Sukari ikiwa inapanda au kushuka haraka, mkono na kidole havitasema namba moja.

Kinakaa mkononi siku 14, mchana na usiku, hata wakati wa kuoga. Siku 14 zikiisha kinakufa, unakitoa, unakitupa. Ili kukisoma kuna mashine ndogo inayofanana na simu. Unaipitisha karibu na mkono, hata juu ya nguo, inalia, halafu inaonyesha namba, mshale wa kusema sukari inapanda au inashuka, na mstari wa saa 8 zilizopita. Ni saa 8 tu. Ukikaa saa 10 bila kusoma, zile 2 za kwanza zimepotea. Basi usiku tulipanga hivi: tunasoma saa tatu ya usiku Mama akiingia kulala, tunasoma tena saa kumi na moja ya alfajiri. Ni saa 8 kamili, na hakuna kinachopotea.

Dada yetu wa Kanada alinunua mashine moja ya kusomea na vipimo viwili, akavipatia mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Viwili mara siku 14 ni siku 28. Tulijua tangu mwanzo kwamba baada ya hapo hakuna vingine. Wakati huo Ulaya kimoja kilikuwa kikiuzwa karibu euro 60, na mwezi ulitaka viwili. Wanaoishi kwa mshahara wa ualimu wanaweza kumaliza hesabu hiyo wenyewe. Kwa hiyo tulipatana kwamba siku hizo 28 ziwe kama kipindi cha masomo. Tulinunua kaye, tukachora safu nne: saa, chakula au kazi, namba, mshale. Biki ilifungwa kwa kamba kwenye kaye ili watoto wasiichukue.

Namba ya kwanza ilitushangaza: 14,2. Hapa kwetu daktari anazungumza 126, 180, 250. Huko Kanada wanahesabu sukari kwa milimole, sisi tunahesabu kwa miligramu. Kupata hesabu yetu, unazidisha kwa 18. Basi 14,2 ni 256 hivi. Wajukuu walifurahi, wakajifunza mara 18 kwa haraka kuliko darasani, na kila jioni mmoja anapaza sauti: "Tate, leo wewe ni 162!"

Kwa wale wasiojua namba hizi: mtu asiye na ugonjwa, asubuhi kabla ya kula, huwa chini ya 100. Akifika 126 au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikasema vilevile, ana ugonjwa wa sukari. Chini ya 70 sukari imeshuka mno, na hiyo ni hatari ya haraka. Wagonjwa wengi huambiwa wajitahidi kukaa kati ya 70 na 180, lakini mpaka wa kila mtu unawekwa na daktari wake.

Siku za kwanza hatukubadilisha kitu. Tulitaka kumwona Mama jinsi alivyo. Uji wa sosoma usiotiwa sukari, ambao wengi wetu tunausifu kuwa ni chakula cha wagonjwa wa sukari, ulimpandisha Mama kuliko yai moja, avoka na chai isiyo na sukari. Bugali wa muhogo, sahani iliyojaa na sambaza chache pembeni, ulimpeleka hadi 270, na alikaa huko juu muda mrefu wa mchana. Siku nyingine alianza na sombe na maharagi, kisha akala bugali nusu ya ule wa kwanza. Aliishia 190. Bugali ni uleule, chungu ni kilekile.

Jambo lingine ni miguu. Siku aliyokula na kubaki ameketi, mstari ulipanda kama barabara ya kwenda Kadutu. Siku aliyokula kisha akatembea dakika 20 kwenda kumsalimia rafiki yake, mshale uligeuka kushuka kabla hajarudi. Na siku tulipopata habari mbaya kutoka kijijini, Mama hakutia kitu kinywani hadi jioni, lakini sukari ilipanda. Daktari alituambia kwamba hofu na huzuni vinausukuma mwili kutoa sukari yake wenyewe. Kwa hiyo mgonjwa akiwa na namba ya juu, tusikimbilie kumuuliza kwa ukali "umekula nini tena?" Pengine hajala kitu. Pengine analia.

Haya ni ya mwili wa Mama, wamama. Mwili wa mwingine unaweza kujibu tofauti. Tunayaandika ili kila nyumba ijiulize yake.

Sasa tufike kwenye usiku.

Kwa miezi kadhaa kabla ya kipimo hiki, Mama alikuwa akiamka katikati ya usiku, nguo zimelowa jasho, mwili unatetemeka, anasema maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho. Usiku mmoja alitutazama asitujue. Asubuhi kichwa kinamuuma, lakini ukipima sukari kwenye kidole ni ya kawaida, kwa hiyo hakuna aliyefikiri sukari. Watu walikuja kusali nasi, na mpaka leo tunawashukuru. Lakini kati ya wanaokuja na kwenda, neno jingine lilianza kutembea: kwamba ndani ya nyumba yetu kuna mtu.

Kwetu tunajua kidole cha namna hiyo kinaelekea wapi. Hakimwelekei mtoto wa nyumba. Kinamwelekea mukamwana, yule aliyetoka ukoo mwingine, anayeshika chungu, na zaidi kama bado hajapata mtoto. Wetu ni mke wa mdogo wetu wa kiume, na chumba chake kimepakana na cha Mama. Ndugu mmoja alishauri arudishwe kwao kwanza, mpaka Mama apone. Sisi tuliwaomba wazee watupe mwezi mmoja. Yeye mwenyewe hakusema neno. Ila tangu siku hiyo, kila akipika, aliita mtu aje aone anapotia chumvi.

Alfajiri ya siku ya tano tulisoma mkono wa Mama. Mstari ulikuwa umeshuka tangu saa sita ya usiku kama njia inayoteremka ziwani, na saa nane ulikuwa kwenye 3,1. Mara 18, ni 56. Ulikaa hapo karibu saa nzima, kisha ukapanda taratibu. Usiku uliofuata ikawa vilevile.

Tulipeleka kaye kwenye sentri ya afya. Muuguzi alituambia neno la hekima: msiamini bado. Mtu akilalia mkono wenye kipimo, kile chombo kinaweza kuonyesha namba ya chini ambayo si ya kweli. Amkeni saa ileile, mtoboe kidole.

Usiku wa tatu tuliweka simu ilie saa nane kasorobo. Mama alikuwa amelalia ubavu mwingine, na jasho lilikuwa limeanza. Umeme haukuwepo. Aliyeshika tochi ni mukamwana. Glukometa, ile mashine ya kutoboa kidole, ilisema 58. Aliyekoroga sukari katika maji ni mukamwana vilevile, vijiko vidogo 4, kama muuguzi alivyotufundisha. Mama alikunywa. Tulingoja dakika 15, tukapima tena: 84. Tulimpa kipande cha mkate, akalala bila kusema maneno ya ajabu. Sisi hatukulala. Tulikaa jikoni sote, na huyo mke wa ndugu yetu alilia kwa mara ya kwanza mbele yetu.

Daktari alitazama mstari na kaye. Aliuliza maswali mawili tu: Mama anachoma insulini ya jioni saa ngapi, na anakula nini baada ya hapo. Anachoma saa moja. Na kwa kuogopa sukari isipande, alikuwa amejizoeza kula vijiko vitatu vine vya mboga, basi. Daktari alieleza kwamba insulini ya Mama ni ya mchanganyiko, na sehemu moja ya mchanganyiko huo inafikia nguvu yake saa nyingi baadaye, katikati ya usiku. Inafika na kukuta hakuna chakula. Alipunguza kipimo cha jioni na kumwamuru Mama ale mlo kamili. Kiasi chenyewe hatukiandiki hapa, maana insulini si nguo ya kuazimana. Asijibadilishie mtu kipimo kwa sababu ya kusoma habari yetu.

Tangu siku ya tisa hadi siku ya 28, mstari wa usiku haukushuka tena chini ya 4,5, yaani 81. Jasho liliisha. Maneno yaliisha.

Kisha tuliwaita wazee. Hatukubishana nao juu ya mambo ya roho. Kila mtu ana imani yake, na sisi tunasali pia. Tuliweka kaye mezani na mashine pembeni. Tulisema: tazameni, saa hii sindano, saa hii chakula kidogo, saa hii jasho. Sindano ilipopunguzwa, jasho limekwisha. Na mukamwana bado analala chumba kilekile, anapika chungu kilekile. Baba yetu mkubwa aliomba aonyeshwe mara ya pili, akifuata mstari kwa kidole. Alikaa kimya kidogo. Halafu akaita kwa sauti ya kawaida: "Mukamwana, utuletee chai." Kila mtu aliyekuwa pale alielewa. Akanywa kikombe chote.

Sasa maswali mengine mliyotuuliza.

Je, mtu bila kipimo hiki amepotea? Hapana. Vipimo vyetu viwili vimekwisha, na Mama amerudi kwenye kidole. Lakini tumejifunza kwamba kupima kila siku saa ileile ya asubuhi ni kama kumpima mwanafunzi kila siku kwa swali lilelile. Ukiwa na bandeleti chache, badilisha saa. Siku ya kwanza kabla ya chai ya asubuhi. Ya pili, saa mbili baada ya kuanza kula mchana. Ya tatu kabla ya kulala. Na kwa anayechoma insulini, mara moja moja katikati ya usiku, hasa akiwa na jasho, ndoto mbaya au kichwa cha asubuhi. Andika saa na chakula pembeni. Namba bila saa haimsaidii daktari.

Je, tununue glukometa gani? Kabla ya kuuliza bei ya mashine, uliza bandeleti zake zinapatikana wapi na kwa bei gani. Kila mashine inakubali bandeleti zake tu. Ile mashine yetu ya Kanada nayo ina tundu la bandeleti, lakini za aina yake hatukuzipata hapa mjini, basi iko katika sanduku.

Na zile saa za mkononi zinazouzwa zikisema zinapima sukari bila kutoboa ngozi? Hapa tunaomba msikilize vizuri. Mwezi wa pili mwaka 2024, FDA, ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa na vyombo vya matibabu, ilitoa onyo kwa wote: haijaruhusu saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Ilisema wazi kwamba namba ya uongo inaweza kumfanya mgonjwa achome insulini kupita kiasi. Jirani yetu alinunua saa ya namna hiyo. Tuliilinganisha na kidole chake: kabla ya kula na baada ya chupa ya Fanta, saa ilisema namba ileile, lakini kidole kilikuwa kimepanda zaidi ya 80. Saa hiyo inaweza kuhesabu hatua zako, hilo ni jema. Kwa sukari, fedha zako nunulia bandeleti.

Jambo la mwisho, ambalo tungependa kila nyumba ilijue hata kama haina mgonjwa. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari akianza kutetemeka, kutoka jasho, kuwa mkali bila sababu au kusema ovyo, na yuko macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo 4 vya sukari katika maji, ungoje dakika 15, upime tena. Kama ni chini ya 70 bado, rudia. Akipata nafuu, ale kitu. Kama amezimia, usimmiminie kitu mdomoni, maana kitampalia. Mlaze ubavu na mkimbie hospitalini.

Tunaleta pia pendekezo kwa chama. Likelemba yetu imekwisha kununua masufuria na viti vya sherehe. Zamu moja tu ingeweza kununua glukometa tatu za aina moja kwa kartiye yetu, ili bandeleti zinunuliwe pamoja na zisipitwe na tarehe katika sanduku la mtu mmoja. Tarehe 14 Novemba ni Siku ya Kisukari Duniani. Ni siku ya kuzaliwa ya Frederick Banting, mmoja wa wale waliogundua insulini huko Toronto, Kanada, mwaka 1921. Tungeweza siku hiyo kukaa pamoja baada ya mkutano, muuguzi akiwepo, na kila mama anayetaka apimwe.

Tunajua katika mitaa yetu kuna wazee wengine wanaoamka usiku wakiwa wamelowa jasho, na kuna mabibi arusi wanaotazamwa vibaya asubuhi yake. Kama mzee huyo ana ugonjwa wa sukari, tunaomba neno moja tu: kabla ya kutaja jina la mtu, amkeni saa nane ya usiku, mshike tochi, mpime.

Mama anawasalimu. Mukamwana naye anawasalimu. Yeye ndiye anayeshika kaye siku hizi.